Je, Wajua? Tasnifu Zilizochumwa Kwenye Vilima vya Chai

Je, wajua kwamba mnara mmoja wa simu karibu na mji wa Kericho uliwahi kuwafunulia watafiti wa malaria jambo ambalo ramani za wizara hazikulionyesha? Caroline Buckee, mtaalamu wa kuenea kwa magonjwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akipitia rekodi za simu za Kenya akaona kitu cha ajabu. Watu waliopiga simu au kutuma ujumbe kupitia mnara huo walikuwa wakisafiri nje ya eneo lao mara 16 zaidi ya wastani wa mkoa. Tena uwezekano wao wa kwenda upande wa kaskazini-mashariki mwa Ziwa Viktoria, ambako malaria imekita mizizi, ulikuwa mara tatu ya ule wa wengine. Picha za setilaiti zilipofunguliwa, sababu ikajulikana: shamba kubwa la chai, ambalo kwa dalili zote lilijaa wafanyakazi waliotoka mbali.

Mkazi wa Kiptere, hapa kwetu Kericho, anaweza kusema hilo alilijua siku zote. Watu wa mashamba makubwa husafiri, hasa baada ya mshahara. Kweli. Lakini kujua kwamba watu husafiri ni jambo moja, na kujua ni wangapi, wanaelekea wapi na wanakaa huko siku ngapi ni jambo lingine. Dawa na vyandarua hugawanywa kwa hesabu.

Je, wajua hesabu yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani? Rekodi zilikuwa za Juni 2008 hadi Juni 2009. Zilihusu karibu laini milioni 15, minara 11,920 na makazi 692 nchini kote. Hakuna jina la mtu lililohitajika wala neno moja la mazungumzo. Kila simu huacha alama mbili, saa na mnara. Ukizipanga alama hizo kwa mfuatano unaona mtu alilala wapi na aliamkia wapi. Kisha unaiweka safari hiyo juu ya ramani ya malaria, na kompyuta inakadiria vimelea vilivyobebwa kutoka sehemu moja hadi nyingine ndani ya damu ya wasafiri. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2012, na yalionyesha kwamba Nairobi hupokea sehemu kubwa ya vimelea vyake kutoka ukanda wa Ziwa Viktoria.

Jina la kwanza kwenye makala hiyo ni la Amy Wesolowski. Wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani.

Na hapa pana fundisho ambalo wengi hawakulitarajia. Modeli za Buckee zilionyesha kwamba kupambana na malaria kwenye shamba lenyewe la chai kungepunguza ugonjwa kwa kiasi kidogo kuliko kupambana nayo kwenye chimbuko lake, kando ya Ziwa Viktoria. Mgonjwa anaonekana Kericho, ila tiba ya kudumu iko kilomita nyingi magharibi. Bila hesabu ile, pesa za serikali zingefuata mgonjwa.

Je, wajua pia simu haimwoni kila mtu? Wesolowski na wenzake walichunguza suala hilo hilo kwa kutumia utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Kenya mwaka 2009. Wenye simu walikuwa zaidi wanaume, waliosoma zaidi na wenye kipato zaidi. Vijijini, simu moja ilitumiwa na watu kadhaa. Mama anayechuma chai bila simu ya mkononi hakuwemo kwenye alama za mnara. Naheshimu sana watafiti wanaotangaza pengo la data yao wenyewe. Hiyo ndiyo sehemu ya tasnifu ninayoisoma kwanza.

Je, wajua Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ilipitishwa mwaka 2019, muongo mzima baada ya rekodi zile za simu kukusanywa? Leo sheria inampa mtu haki ya kuambiwa taarifa zake zitatumiwaje. Mwaka 2008 hakuna aliyeshuka kwenye nyumba za wafanyakazi kueleza kwamba safari zao zilikuwa zikihesabiwa. Majina yaliondolewa, ndiyo, na faida kwa afya ya umma ni ya kweli. Hata hivyo naamini waliozaa data hiyo walistahili angalau mkutano mmoja wa chifu wa kuwasomea matokeo.

Je, wajua joto la Kericho limewahi kuzua ubishi katika majarida makubwa ya sayansi duniani? Mwaka 2002 makala katika Nature ilichunguza sehemu nne za nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwemo, ikasema hali ya hewa haikuwa imebadilika kwa kiwango cha kueleza kurudi kwa malaria. Ubishi ukawaka. Mwaka 2011 Judy Omumbo na wenzake wakarudi kwenye vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho vya mwaka 1979 hadi 2009, wakavikagua kwa makini, wakakuta joto limepanda kwa takriban nyuzi 0.2 za Selsiasi kila muongo.

Sehemu mbili za kumi ya nyuzi zinaonekana kama si kitu. Lakini kimelea hatari zaidi cha malaria, falciparum, karibu kisimame kabisa kukua ndani ya mbu joto likiwa chini ya nyuzi 16 hadi 18. Vilima vyetu viko karibu na mpaka huo. Kwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, ubishi huu ni darasa zima: mji mmoja, vipimo vinavyokaribiana, mbinu tofauti za takwimu, na hukumu mbili zinazopingana. Aliyechukua kipimo asubuhi kwa mkono wake na kukiandika kwenye daftari ndiye msingi wa yote.

Je, wajua kwamba Mto Sondu-Miriu umewahi kuripoti kina chake kwa ujumbe mfupi wa simu? Ukitoka Kiptere ukishuka barabara ya Sondu unafika kwenye mto huo. Bonde lake ni zaidi ya kilomita za mraba 3,000, na maji yake yanatoka Msitu wa Mau kupitia mito kama Itare na Kipsonoi. Watafiti wakiongozwa na Björn Weeser, aliyekuwa akifanya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Giessen nchini Ujerumani, waliweka vipimo 13 vya kina cha maji katika bonde hilo. Kila kipimo ni ubao wenye namba, uliosimamishwa mtoni, na bango kando yake lenye maelekezo. Mpita njia anasoma namba palipofika maji, anaandika alama ya kituo na kina, anatuma. Seva inapokea na kumjibu papo hapo. Kama amekosea, inamwambia.

Hakuna programu ya kupakua. Hakuna simu janja. Mulika mwizi inatosha.

Katika mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo halali 1,175, na vilipolinganishwa na vya mtambo wa kujiendesha vilikaribiana vizuri. Matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Hawakuwa watu wa maabara. Walikuwa watu wanaoishi na kupita kando ya mto.

Nakaa kidogo hapa kwa sababu utafiti huu unanigusa. Mtambo wa kupima kina cha mto ni ghali, huibwa, hubebwa na mafuriko, na ukiharibika husubiri fundi kutoka mbali. Mtu anayepita daraja kila siku haharibiki namna hiyo. Tena mto huo huo unazalisha umeme: kituo cha Sondu-Miriu kina uwezo wa megawati 60, na Sang'oro chini yake megawati 21, kwa kutumia maji yale yale mara ya pili. Maji yakipungua Mau, taa zinajua. Kwa hiyo namba iliyotumwa na mtu wa kando ya mto inahusu mkulima, kampuni ya umeme ya KenGen, na wavuvi kule mto unakoingia ziwani.

Na ugumu wa kisayansi uko wapi, mtu atauliza, kama kazi ni kupokea ujumbe tu? Uko kwenye kuamua ujumbe upi uaminiwe. Mtu mmoja anaandika sentimita, mwingine anaandika mita. Mmoja anasahau alama ya kituo. Mwingine anatuma namba ambayo mto haujawahi kuifikia. Programu lazima itambue kosa bila kumvunja moyo mtumaji, na lazima itenganishe kosa na mafuriko ya kweli, maana vyote viwili vinaonekana kama namba isiyo ya kawaida. Hilo ni tatizo zito la kompyuta, na lilitatuliwa kwa kuwajibu watu mara moja.

Je, wajua kwamba kamera imefundishwa kuangalia chai ikichachuka?

Kwanza tukumbuke kinachotokea kiwandani. Majani mawili na kichipukizi yanafika kutoka kituo cha kununulia. Yananyaushwa ili yapoteze maji, yanakatwa na kusagwa, kisha yanaachwa yachachuke: vimeng'enya vya ndani ya jani vinakutana na oksijeni, na kijani kinageuka taratibu kuwa rangi ya shaba. Baada ya hapo yanakaushwa, na mabadiliko yanakoma. Muda huo wa kuchachuka ndio unaoamua kikombe. Ukikatwa mapema, chai inabaki na uchungu wa majani mabichi. Ukipitiliza, inapoteza mng'ao na ukali wake. Hali ya hewa ikibadilika, muda unaofaa nao unabadilika, hivyo saa ya ukutani haitoshi. Kwa miaka yote kazi hiyo imefanywa kwa jicho na pua ya mtaalamu aliyezoea.

Gibson Kimutai, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rwanda, aliuliza kama kompyuta inaweza kumsaidia mtaalamu huyo. Yeye na wenzake, miongoni mwao watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na Anna Förster wa Chuo Kikuu cha Bremen, walikwenda Kiwanda cha Chai cha Sisibo, Nandi. Walichukua Raspberry Pi, kompyuta inayotoshana na kadi ya benki, wakaifunga kamera ndogo juu ya majani yanayochachuka. Picha zikapangwa katika makundi matatu: bado, tayari, imepitiliza. Kisha wakaufundisha mtandao wa neva bandia, waliouita TeaNet, kutofautisha makundi hayo. Makala yao ilichapishwa mwaka 2020.

Mtandao kama huo haufundishwi kanuni. Hakuna anayeuambia kwamba shaba ni rangi fulani. Unaonyeshwa picha na jibu lake, unakisia, unasahihishwa, unarekebisha maelfu ya namba zilizo ndani yake kidogo kidogo, na zoezi linarudiwa hadi makosa yapungue. Kwa hiyo ubora wa kazi yote unategemea yule aliyesema picha hii ni "tayari" na ile "imepitiliza". Nyuma ya kila modeli nzuri ya chai yupo mtu aliyenusa chai miaka mingi. Natamani jina lake liwe likitajwa mwanzoni mwa tasnifu, kabla ya jina la msimamizi.

Je, wajua mnada wa chai wa Mombasa, uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969, humlipa mzalishaji kwa ubora wa kikombe? Ndiyo maana dakika chache za kuchachusha zina uzito hata kwenye bonasi ya mkulima mdogo. Kamera ambayo ingemsaidia mtaalamu wa zamu ya usiku kuamua vizuri saa nane usiku, mwili ukiwa umechoka, ingekuwa imefanya kazi ya maana sana.

Ila tusifunge macho. Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho katika maandamano ya watu walioona ajira zao zikiondoka. Mwanafunzi anayebuni mashine kwa ajili ya chai asiseme kwamba hayo ni mambo ya siasa yasiyomhusu. Swali la nani atabaki bila kibarua linafaa kuwa sura kamili ndani ya tasnifu, yenye takwimu zake na mahojiano yake, na wasimamizi wakatae kazi isiyo nayo.

Je, wajua majani ya chai ya Koiwa, kaunti ya Bomet, yamepigwa picha na picha hizo zinatumiwa na watafiti wa mabara mengine? Kimutai na Förster walikusanya picha za majani yenye aina saba za ugonjwa, pamoja na majani yenye afya, wakaziweka wazi mwaka 2022 ili yeyote azitumie bila malipo. Kuna madoa mekundu, madoa meupe, madoa ya duara kama jicho la ndege, na mengine ambayo mkulima huyaona kila wiki bila kujua majina yake ya kitaalamu. Mkusanyiko mzima haufiki picha elfu moja. Ni mdogo kwa viwango vya dunia. Lakini picha za magonjwa ya chai zilizo wazi ni chache, na kwa hiyo jani lililokatwa Koiwa limekuwa kipimo cha modeli zinazobuniwa mbali kabisa na Afrika.

Je, wajua hatari ya picha chache? Modeli inaweza kujifunza kitu kisichokusudiwa. Kama majani yote yenye madoa meupe yalipigwa picha kwenye kivuli, itajifunza kivuli. Ukiipeleka shambani jua likiwaka, itasema jani gonjwa ni zima. Usahihi wa asilimia 99 unaotajwa kwenye makala huwa ni wa picha zilizotoka kapu moja na zile za kufundishia. Asilimia za shambani ni nyingine, na ndizo mkulima atakazoziona.

Je, wajua kwamba Kikalenjin, lugha inayosikika sokoni Kiptere kutwa nzima, kimeingia katika mojawapo ya mikusanyiko mikubwa zaidi ya sauti za Kiafrika kwa ajili ya akili mnemba? Mradi wa African Next Voices umerekodi takriban saa 9,000 za mazungumzo katika lugha 18 za Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Kwa upande wa Kenya kazi inaongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Maseno, na lugha ni tano: Kikalenjin, Dholuo, Kimaasai, Kisomali na Kikuyu. Watu hurekodiwa wakizungumza mambo ya kila siku, kilimo, afya, elimu. Kiongozi wa kazi hiyo, Lilian Wanzare, alifanya uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, kuhusu namna kompyuta inavyoweza kujifunza mfuatano wa matendo ya kawaida ya binadamu. Kisha akarudi Maseno.

Kabla ya hapo alikuwa katika kundi la Kencorpus, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene. Kundi hilo lilikusanya maandishi 4,442 yenye maneno milioni 5.6 na saa 177 za sauti katika Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, ambacho waligawanya katika Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Kutokana na maandishi ya Kiswahili wakatunga maswali na majibu 7,526 ya kuipima kompyuta kama imeelewa ilichosoma. Barack Wanjawa, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Nairobi, ndiye aliyekuwa mbele katika kazi hiyo.

Ugumu wa Kikalenjin ni wa aina yake. Toni hubadilisha maana, na maandishi ya kawaida hayaionyeshi toni hiyo. Kipsigis, Nandi, Keiyo, Tugen na wengine wanaelewana, ila hawatamki sawa. Kompyuta iliyofundishwa kwa sauti za Eldoret pekee itambabaisha bibi wa Kiptere anayeuliza kuhusu ng'ombe wake. Ndiyo maana mahali sauti ilipochukuliwa lina uzito sawa na idadi ya saa.

Sasa tupite haraka kwa majirani na sehemu nyingine za Kenya.

Je, wajua Nuru, programu ya simu inayotambua magonjwa ya muhogo, ilitokana na utafiti uliotumia picha 2,756 za majani zilizopigwa Tanzania, na hufanya kazi bila intaneti? Utafiti huo wa mwaka 2017 uliunganisha Chuo Kikuu cha Penn State na taasisi ya IITA. Programu hiyo huzungumza Kiswahili.

Je, wajua Rose Nakasi wa Chuo Kikuu cha Makerere alishikiza simu kwenye jicho la hadubini ili ihesabu vimelea vya malaria kwenye damu? Uganda ina hadubini nyingi kuliko wataalamu wa kuzitazama.

Je, wajua kinyesi cha kuku kinaweza kupigwa picha na kompyuta ikakisia kama ni kosidiosisi, salmonela au mdondo? Dina Machuve na wenzake wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, walikusanya picha hizo kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Mfugaji wa Kiptere anayepoteza kuku wote kwa wiki moja ataelewa bila maelezo zaidi kwa nini utafiti huu una thamani.

Je, wajua Neema Mduma, wa taasisi hiyo hiyo ya Arusha, alitumia ujifunzaji wa mashine kubashiri ni mwanafunzi yupi yumo hatarini kuacha shule? Kazi yake ya uzamivu ikazaa programu inayoitwa BakiShule.

Je, wajua Muthoni Masinde, Mkenya, alizichanganya dalili za jadi za mvua na vipimo vya vihisio visivyo na waya ili kutabiri ukame? Mfumo wake wa ITIKI ulitokana na uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Wazee wa Mbeere walitoa maarifa, kompyuta ikatoa hesabu. Sijui mfano bora zaidi wa kuwaweka wazee na seva meza moja.

Je, wajua Kampala kulikuwa na mfumo uliosikiliza redio za mitaani, kwa Kiluganda na Kiacholi, ili kujua wananchi wanalalamikia nini kuhusu hospitali na barabara? Ulijengwa na maabara ya Umoja wa Mataifa ya Pulse Lab Kampala. Wapiga simu kwenye vipindi vya redio wakawa data.

Je, wajua Ciira wa Maina wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, hurekodi sauti za ndege kwenye mfumo wa ikolojia wa Mlima Kenya na kuzipa kompyuta izitambue? Msitu ukipoteza ndege fulani, sauti hupungua kabla ya macho kugundua.

Na tofauti kabisa na hayo: je, wajua Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974? Zuio hilo lilidumu hadi miaka ya tisini. Wanafunzi wengi waliingia chuo kikuu bila kuigusa mashine.

Je, wajua kazi za wanafunzi zimeijenga dunia nzima ya kompyuta tunayoitumia? Claude Shannon alikuwa na miaka 21 alipoandika tasnifu yake ya uzamili huko MIT mwaka 1937. Alionyesha kwamba swichi za umeme zinaweza kufanya hesabu za mantiki, ndiyo na siyo. Kila saketi ya kidijitali inasimama hapo, pamoja na ile iliyomo ndani ya mizani ya elektroniki inayopima majani mabichi kituoni. David Huffman alipewa chaguo na mwalimu wake mwaka 1951: afanye mtihani wa mwisho au aandike makala. Akachagua makala, akabuni njia ya kubana taarifa ambayo bado iko ndani ya picha za JPEG. Larry Page na Sergey Brin walianza Google wakiwa wanafunzi wa uzamivu Stanford.

Karibu na Kiptere, Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake kamili mwaka 2013. Chuo cha Bomet kikaundwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Utafiti wa chai Kericho una mizizi tangu 1951, ilipoanzishwa taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika Mashariki. Vijana wetu, basi, wanasoma katikati ya data. Mto upo, chai ipo, vipimo vya hewa vya miongo mingi vipo, lugha ipo midomoni mwao. Wasisubiri mtu wa Giessen au Carnegie Mellon aje kuwaonyesha, ingawa akija na ubao wake wa kupimia maji tutampokea kwa mikono miwili.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya uzamili naomba aangalie hili. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho walitoa aina ya TRFK 306, chai ya zambarau, ambayo rangi yake hutokana na anthosiyanini. Mtandao uliojifunza kwamba jani zima ni kijani, na kwamba kuchachuka ni safari ya kutoka kijani kwenda shaba, ukionyeshwa zambarau utayumba. Picha za Koiwa ni za bure. Raspberry Pi si ghali. Kibali cha utafiti cha NACOSTI huombwa mtandaoni. Chukua jani la zambarau na jani la kijani kutoka mashamba mawili yanayopakana, yapige picha alfajiri yakiwa na umande, adhuhuri, na baada ya mvua, kwa simu ya bei nafuu kama ile anayoitumia mkulima mwenyewe. Ipe modeli. Andika kila inapokosea, kwa saa na kwa shamba, kisha umpelekee mwenye shamba orodha hiyo kabla hujaipeleka kwa msimamizi.